Kiboko na Mkubwa wa Ng'ambo

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa wapi?"

"Ukingoni mwa mto!"

"Nani kavuka?"

"Kavuka mwenye akili!"

"Nani kabaki?"

Mbona kimya? Mnaitikia kama mnaumwa meno. Nani kabaki?

"Kabaki mwenye tumbo!"

Haya, sasa nasikia watu. Na wewe unayetafuna hapo nyuma, meza kwanza. Ngano hii ina moto ndani yake.

Hapo kale palikuwa na Kiboko. Kiboko huyu hakulima, hakupanda, hakupalilia, lakini ghala lake lilijaa kuliko maghala yote ya nyikani. Alilijazaje? Kwa mdomo. Kila mavuno alitoa kichwa majini, akapanua kinywa, akatangaza: "Nileteeni mtama, niwape kinga! Nyumba ikiungua, nitakujengea! Ukiwa safarini mto ukikuzuia, nitakuvusha! Ukifikwa na dhiki, niite tu!"

Ninyi siku hizi mnaiita bima. Kiboko aliiita kinga. Na wanyama wadogo wana hofu nyingi, basi wakaleta. Digidigi akaleta. Kobe akaleta. Kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba, mjane mwenye watoto, naye akaleta huku watoto wake wakilala na njaa. Kiboko akala, akaweka. Akala, akaweka.

Kiangazi kimoja nyasi zilikauka, upepo ukavuma vuuu, moto ukazuka porini. Tatata! Tatata! Wanyama wakubwa wakatimua mbio. Wadogo wakabanwa: nyuma moto, mbele mto, na mto wenyewe wa kina kirefu.

Digidigi akafika wa kwanza.

"Mzee Kiboko, shikamoo."

"Marahaba."

"Dhiki imenifika. Nivushe."

"Moto umeuona?"

"Nimeona moshi, Mzee. Umejaa nyumbani kwangu."

"Aaa! Kinga yangu ni ya moto, si ya moshi. Rudi nyumbani, ungoje moto ufike."

Kobe naye akaja anajikokota, gamba linafuka.

"Mzee Kiboko, shikamoo."

"Marahaba."

"Mimi moto nimeuona. Umenipitia mgongoni. Nivushe."

"Pole sana. Lakini umechelewa. Ungekuja kabla hujaungua."

Akazama, bluu! Akaibuka, pwaa! Akacheka. Mimi nikifika hapa huwa natamani kumzaba kofi, ila kwa shavu lile asingejua hata kama kuna mtu kampiga.

Kalunguyeye alikuwa pembeni, ameyaona yote. Watoto wake walikuwa wamejikunja miguuni pake, wanatetemeka. Moto umeshaufikia mti wa jirani. Hawajui kuogelea, wala yeye hajui. Akaona wazi kwamba akiomba, atajibiwa kama wenzake. Basi hakuomba.

"Mzee Kiboko, shikamoo. Nimekuja kukupa pole."

"Marahaba. Pole ya nini? Mimi nina maji."

"Na ghala lako nalo lina maji?"

Kiboko akageuza kichwa. Ghala lake lilikuwa juu ukingoni, nyuma ya matete, limejengwa kwa miti na nyasi kavu. Akalitazama. Akautazama moto.

"Sisi unatukinga wewe," Kalunguyeye akasema. "Wewe anakukinga nani?"

Basi hofu ikamwingia Kiboko, ile ile aliyowatia wenzake miaka yote. Hakuwahi kuionja.

"Kwani... yuko anayewakinga wakingaji?"

"Yuko, Mzee. Mkubwa wa Ng'ambo. Yeye hataki malipo. Anataka mali imfikie nzima, tena kavu. Tatizo lako huna mikono ya kupakia."

"Ngedere wanayo! Waite! Jazeni makapu, nipakieni mgongoni! Upesi!"

Ngedere, mafundi wa kufunga mizigo, wakaingia ghalani na makapu. Kalunguyeye akawakonyeza, nao wakaelewa. Badala ya mtama, Digidigi akaingia kapuni. Kobe akaingia kapuni. Panya wakaingia, Pimbi wakaingia. Mfuniko juu, kamba kaza!

Kapu la kwanza likatua mgongoni, pu!

"Zito hilo!" akasema Kiboko.

"Mali yako, Mzee."

"Ongeza!"

Kapu la Kobe likatua, pu!

"Hili zito zaidi!"

"Mali yako, Mzee."

"Ongeza! Ongeza!"

Uzito ulimfurahisha yule. Kila mgongo ulipobonyea alitabasamu. Kalunguyeye akampanda kichwani ili amwongoze, maana moshi ulikuwa umetanda. Ngedere wakakaa juu ya makapu. Kiboko akavuka, chubwi, chubwi, chubwi. Ngedere wakapakua. Akarudi, chubwi, chubwi, chubwi. Wakapakia tena. Akavuka tena.

Watoto wake mwenyewe Kalunguyeye aliwaacha safari ya mwisho. Ni wadogo, na kama wangelia mapema, wenzao wote wangeachwa waungue. Mnaona mama huyo? Moyo ulimwuma, lakini alifanya hivyo. Walipofungwa kapuni, matete ya ukingoni yalikuwa yameshaanza kuwaka.

Wakaingia majini. Chubwi, chubwi. Wakafika katikati, pale penye kina. Kiboko akasimama.

"Mbona mtama huu unanichoma?"

Kalunguyeye akageuka kulitazama kapu. Watoto walikuwa wamejikunja kwa woga, na miiba yao imetokeza kwenye matundu ya kapu.

"Ni masuke, Mzee. Masuke makavu huchoma."

"Yananichoma kweli kweli. Na joto hili! Ngoja nizame kidogo nipoze mgongo."

Akaanza kushuka. Maji yakafika ubavuni. Yakagusa kitako cha kapu. Ndani yake sauti ndogo ikalia, "Mama!" Upepo wa moto ukaimeza. Ngedere wakafumba macho.

Kalunguyeye alitaka kupiga kelele. Akaimeza kelele yake, akasema polepole, kana kwamba hana haraka yoyote:

"Zama, Mzee. Mali ni yako. Ila Mkubwa wa Ng'ambo hakingi mtama uliolowa."

Kiboko akaganda.

"Hakingi kabisa?"

"Hata punje moja."

Kiboko akajiinua, mgongo juu, shingo juu, akaenda kwa ncha za vidole kama bibi harusi anayeogopa kuchafua nguo. Chu, chu, chu. Mpaka ng'ambo.

Ngedere wakafungua mifuniko. Digidigi huyo! Kobe huyo! Na watoto wa Kalunguyeye wakabingirika mchangani, wazima, wakavu. Mama yao akawakumbatia wote kwa pamoja, akalia bila kumwonea mtu haya.

Kiboko akatumbukiza pua katika kapu moja. Tupu. La pili. Tupu. Akageuka. Kule alikotoka ghala lilikuwa linawaka, na harufu ya mtama wa kukaanga ikawafikia wote.

"Mtama wangu! Yuko wapi huyo Mkubwa? Anilipe!"

"Hayupo, Mzee," akasema Kalunguyeye. "Nilimtunga."

"Mwongo! Mwizi! Na kinga yangu je?"

"Kinga yako ipo. Sisi tulikuletea mtama kila mavuno ili siku ya dhiki utuvushe. Leo umetuvusha. Hatukudai tena."

"Lakini sikukusudia!"

"Kwani ulipopokea mtama wetu, ulisema ni lazima ukusudie?"

Kiboko akapanua kinywa kile kikubwa atafute sharti. Akatafuta, akatafuta. Hakuliona. Akazama, bluu, na mapovu tu yakabaki juu.

Ngano yangu imetua mzigo wake hapa. Ikikufaa, jitwike uende nayo; isipokufaa, nirudishie, mimi bado ninaipenda.

Na fundisho, maana najua mtauliza: lipeni kinga yenu mapema, mpeni mwenye kinywa kikubwa kuliko wote, na msimuulize maswali. Siku ya dhiki atawabeba tu. Kiboko hakuwabeba? Aliwabeba wote, tena kwa mgongo wake mwenyewe. Anayebisha aende mtoni akamuulize.