Kwa Nini Kichwani Mna Wanaonyamazisha

Mnaniuliza kila mara kazi yangu kule maabara ni nini, na nikiwajibu kwamba nachunguza chembe za ubongo zinazonyamazisha nyingine, mnapiga miayo. Haya, leo shangazi yenu atawaeleza kwa njia ya wazee. Aliyechoka alale, ila asikorome.

Zama zile watu walipokuwa wachache duniani, ndani ya kila kichwa mlikuwa na mji. Wenyeji wake walikuwa wadogo mno, na kila mmoja alikuwa na nyumba yake na mikono mirefu iliyofika kwa majirani. Mkono haukumgusa jirani. Uliishia karibu na mlango wake, ukabaki mwanya mdogo, na habari ilivushwa hapo kwa kurushwa, kama unavyomrushia mwenzako konzi ya mtama. Aliyedaka alipaza sauti, kisha naye akarusha kwa wengine.

Mwanya uliovukwa mara kwa mara, mlango wake ulipanuka. Usiovukwa uliota nyasi, na mwishowe hakuna aliyekumbuka kwamba hapo palikuwa na njia. Hivyo ndivyo kichwa kilivyojifunza mambo, na mpaka leo hakijapata njia nyingine.

Sasa mji huo ulikuwa na desturi moja iliyotukuzwa kuliko zote: ukipokea, pitisha. Kubaki na habari kifuani kulihesabiwa uchoyo, na mchoyo hakualikwa harusini. Walijisifu sana kwa ukarimu wao. Hata mimi ningekuwa pale ningejisifu, maana nani amewahi kukemewa kwa ukarimu?

Ila palikuwa na mwanamke mmoja, Bi Tulizo, aliyezaliwa na mikono mifupi. Hakujua habari za mbali, lakini majirani zake aliwajua vizuri. Yeye akipokea habari hakupaza sauti. Alinyoosha mkono akamziba jirani mdomo. Mashtaka yakawa mengi, hata Mzee Vumi, mkuu wa mji, akamwita barazani.

"Bi Tulizo, jirani yako analia kwamba unamziba mdomo. Amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu, Mzee. Lakini mwenzake alikuwa na neno lenye maana zaidi. Wakisema wote kwa pamoja, hatumsikii hata mmoja."

"Huo ni wivu tu," akasema Mzee Vumi, na baraza zima likaangua kicheko. Bi Tulizo na ukoo wake wakahamishiwa pembezoni mwa mji, mahali ambapo mikono yao haikumfikia mtu.

Mji ninaousimulia ulikuwa katika kichwa cha mtoto aitwaye Kadzo. Mama yake, Nyevu, alikuwa mkulima kando ya msitu wenye fisi. Alikuwa amezika watoto watatu, akabaki na huyu mmoja. Kila jioni aliacha jembe na kuita, "Kadzo, mwanangu, njoo nyumbani!" Mtoto akisikia sauti ile alirudi mbio, na fisi wakabaki na njaa yao.

Siku moja radi ilipiga mnazi karibu na alipokuwa Kadzo. Mjini, mmoja akapaza sauti, "Radi!" Jirani zake wakapokea, wakapitisha. Waliopitishiwa wakawarudishia wale wale, nao wakapokea tena na kupitisha tena, kwa kuwa ndiyo adabu. Muda si muda mji mzima ulikuwa ukipiga kelele na hakuna aliyejua alianza nani. Kadzo akaanguka. Meno yakakazana, mikono na miguu ikatupwatupwa. Nyevu alimlaza ubavu, akamshika kichwa kisigonge mawe, akangoja. Kelele zilikoma pale tu wenyeji walipochoka.

Mtoto alizinduka, na hapo ndipo msiba ulipoanza. Katika zogo lile kila mwanya ulikuwa umevukwa, kila mlango ulikuwa umepanuka sawa na mwingine. Radi ilipata njia ya kwenda kwenye njaa, njaa ikaenda kwa nyoka, nyoka akafika kwenye sauti ya mama. Jioni Nyevu alipoita, Kadzo alimtazama kwa hofu, akapiga ukelele na kukimbilia msituni. Mama alimfuata mbio, akaanguka, akainuka, akamkamata mtoto huku fisi wamekwisha kusogea. Akavua leso yake, akafunga ncha moja kiunoni mwa mtoto na nyingine kiunoni mwake.

"Mwanangu ananikimbia," aliwaambia majirani, machozi yakimtiririka. "Heri angenitukana."

Mzee Vumi akaona aibu. Alikwenda pembezoni mwa mji, akabisha hodi kwa Bi Tulizo. Mwanamke yule hakuwa na maneno matamu.

"Mlinicheka."

"Tulikucheka, nasi tumekosa. Lakini mtoto hamjui mama yake."

"Ni huyo mama aliyenifanya nifungue mlango, si wewe. Narudi. Ila katika kila nyumba tano, moja iwe ya ukoo wangu, na iwe katikati ya wenzake. Pembezoni siendi tena."

Akakubaliwa. Ukoo wa mikono mifupi ukaenea mjini, na mji ukatulia. Radi iliponguruma tena, walisema waliostahili kusema, wengine wakazibwa midomo. Kadzo hakuanguka tena.

Lakini dawa ikizidi huwa sumu. Bi Tulizo na nduguze walinyamazisha kila neno, hata lile lililohitajika. Nyevu aliita kutwa nzima, mtoto akasimama kama mwimo wa mlango. Hakukimbia, wala hakugeuka. Njia ya sauti ya mama haikuweza kupanuliwa kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuipitia.

"Bi Tulizo, sasa umepita kiasi," akasema Mzee Vumi.

Bi Tulizo alikasirika, naam. Nani anapenda kuambiwa kwamba wema wake umegeuka madhara? Lakini wakati huohuo sauti ya Nyevu ilisikika tena kutoka nje, imekauka, imepasuka, na bado anaita. Bi Tulizo akamgeukia mdogo wake, Staha.

"Mdogo wangu, nishike mimi mikono."

"Dada, wewe?"

"Mimi. Nishike akiita, niachie akinyamaza."

Nyevu alipoita, Staha akamshika dada yake. Wale walioijua sauti ya mama, ambao Bi Tulizo alikuwa amewaziba, wakapata pumzi wakasema kwa pamoja, huku mji uliobaki umenyamaza kimya. Konzi ikavuka mwanya. Nyevu akaita tena, ikavuka tena, na mlango ule mmoja ukapanuka kupita milango mingine yote.

Kadzo akageuka, akamtazama mama yake, kisha akaitazama leso.

"Mama, mbona umenifunga?"

Nyevu alicheka na kulia kwa pamoja, na vidole vyake vilishindwa kufungua fundo alilolifunga mwenyewe.

Wazee wa mji waliogopa kupoteza tena njia ile. Kadzo alipokuwa akikua, walifuma nyavu nyembamba wakaizungushia mikono ya ukoo wa Bi Tulizo, isilegee ovyo, na njia zilizokwisha kufunguka zisibadilike tena kwa urahisi.

Na tangu siku hiyo, kichwani mwa mtu wamo wanaopaza sauti na wanaonyamazisha, na wanaonyamazisha nao wana wa kuwashika mikono. Ndiyo maana ninyi watoto mnaokota lugha mpya mkicheza, na mimi naitafuta kwa jasho, kwani nyavu zangu zimekaza siku nyingi. Ndiyo maana pia mtu akianguka kifafa msimkimbie wala msiseme ana shetani. Mlazeni ubavu, mshikeni kichwa, mngojeni, maana ni mji wake umepiga kelele kwa pamoja.

Na ndiyo maana katikati ya soko, watu mia wakipiga kelele za kila namna, mama akikuita jina lako mara moja tu, unageuka.