Bi Rihani Akataa Kucha

Paukwa?
Pakawa.
Paka wa nani?
Paka wa Bi Rihani.
Ana nini?
Ana kucha.
Za kazi gani?
Simulia tujue.

Basi sogeeni. Mwenye usingizi akalale sasa, maana hadithi hii haina huruma na wanaosinzia.

Hapo zamani, wanyama wakisema na watu wakijibu, palikuwa na mwanamke jina lake Bi Rihani. Alikuwa na binti, Raya. Alikuwa na paka, Mashavu. Na alikuwa na kochi. Msicheke. Kochi lenyewe lilikuwa la mahameli nyekundu, lilinunuliwa kwa ajili ya harusi ya Raya. Bi Rihani alilifunika shuka, na juu ya shuka mkeka, asije akalikalia mtu kabla ya siku ya siku.

Mashavu hakuambiwa habari za siku ya siku. Aliona kitu laini, akajinyoosha, kwaru. Akapigiwa kelele. Akarudi, kwaru. Akarushiwa kandambili. Mara ya tatu ilikuwa jioni ya kuamkia harusi, nyumba imejaa wageni, wapishi wanachambua mchele wa pilau. Mashavu akapenya chini ya shuka. Kwaru, kwaru, kwaru.

Bi Rihani akalifunua kochi, akakuta nyuzi zinaning'inia kama ndevu za beberu. Akatoka uani, akashika kiuno, akasema kwa sauti iliyofika nyumba ya saba:

"Humu ndani sitaki kucha. Nasema tena, sitaki kucha. Na kwa mara ya mwisho, sitaki kucha."

Kisha akamtuma mtu kwa Kombo kinyozi, kwamba kukicha tu aje na koleo, amng'oe Mashavu kucha zote kabla bwana harusi hajaingia.

Mashavu alikuwa juu ya ukuta, akayasikia yote. Mtu akikata kucha zake anakata kitu kisicho na uhai, na wiki ijayo zimeota. Kucha ya paka imeota kwenye mfupa. Ukiing'oa, umekata kidole kwenye kifundo, na kidole hakioti. Ukuta ataupandaje? Na mbwa wa jirani akija, atamwonyesha nini, tabasamu?

Akamwendea Mbuzi, akamwimbia:

*Kucha si pete nivue,*
*Kucha si shanga nitoe,*
*Kucha ni vidole vyangu.*

Mbuzi akatafuna, akameza, akasema yeye ana kwato na hajawahi kupungukiwa na kitu.

Akamwendea Bata, akamwimbia:

*Kucha si pete nivue,*
*Kucha si shanga nitoe,*
*Kucha ni vidole vyangu.*

Bata akasema kuna maisha bila kukwaruza, cha muhimu ni kujifunza kuogelea. Mashavu alitaka kumuuliza nani kataja kuogelea hapa. Akajizuia.

Akamwendea Jogoo, juu ya paa la jiko. Akamkuta amejifunika kichwa kwa bawa. Hata kabla hajaanza kuimba, Jogoo akamkatiza.

"Nimesikia," akasema. "Mwenye nyumba hataki kucha. Kasema mara tatu. Na huku kucha, Bi Mashavu, hakuji hivihivi. Mimi ndiye nikuitaye. Basi leo siwiki."

Mashavu akafumbua kinywa amsahihishe. Akakifumba. Akafikiri. Kinyozi aliambiwa aje kukicha. Kusipokucha, haji.

"Amri ni amri, Bwana Jogoo," akasema kwa adabu. "Lala unono."

Wenzangu, usiku ule ulilala, ukaamka, ukalala tena. Pilau ikaiva, ikapoa, ikapashwa, ikapashwa tena. Wanawake wakaimba nyimbo zote wanazozijua, zikaisha, wakaanza za nyumba nyingine. Matari yakapigwa mpaka ngozi zikalegea. Bwana harusi alisimama mwanzo wa kichochoro, kanzu imenyooka, marashi yanamkaukia, kwani ndoa ilipangwa asubuhi na asubuhi haijafika. Naye Kombo kinyozi alikuwa kwake, anageuka ubavu wa nne.

Bi Rihani akapanda ngazi ya jiko na taa mkononi. Nyumba nzima ikamfuata.

"Wee Jogoo, mbona huwiki?"

"Bibi, ulisema humu ndani hutaki kucha."

"Nilisema kucha za paka."

"Hukutia 'za', bibi. Ungetia 'za' ningejua. Ulisema kucha, basi. Na kucha ninakokujua mimi ni huku kumoja."

Watu wakacheka mpaka mpishi mmoja akaangusha upawa. Bi Rihani hakucheka. Akamwona Mashavu nyuma ya Jogoo, analamba mguu kana kwamba hayamhusu.

"Wewe ndiye uliyemtia maneno."

"Sikumtia neno, Bi mkubwa. Alilokuwa nalo sikumtoa tu."

"Kochi ni langu na paka ni wangu," akasema Bi Rihani. "Nani wa kunipangia?"

"Kochi ni lako, kweli," akasema Mashavu. "Lakini likichanika halilii. Mimi nitalia. Ulinichukua sokoni nina kucha hizi, ukasema huyu atatumalizia panya. Panya wameisha, sasa kucha ndizo kosa?"

Hapo Raya akajipenyeza mbele, bibi harusi mzima, hina imekolea mpaka nyeusi. Akanyoosha mikono yote miwili kwenye mwanga wa taa.

"Mama, kucha hizi ndizo zilizobandua chokaa ya sebule nilipokuwa mdogo. Ukuta mzima. Mbona hukumwita kinyozi?"

Bi Rihani akazitazama kucha zile. Akamtazama paka. Akatazama mbingu, ambazo hazikuwa na dalili yoyote. Halafu, mbele ya wageni wote, akacheka, kwanza puani, kisha kwa tumbo zima.

"Haya, Jogoo, sikia vizuri. Nataka kucha."

"Kupi au zipi, bibi?"

"Huku na hizo. Nataka kucha. Nataka kucha."

Jogoo akapanua kifua, akawika. Mara moja, mashariki pakawa kijivu. Mara mbili, pakawa pekundu kama lile kochi. Mara tatu, kumekucha.

Bwana harusi akaingia mbio. Kombo akaja na koleo lake, akapewa gogo la mnazi na kamba ya usumba wa nazi, akaizungushia gogo na kuikaza. Gogo likasimamishwa kando ya kochi, nalo likawa la Mashavu, akwaruze apendavyo. Ndiyo maana hadi leo, kila kukicha, paka hujinyoosha na kuzitoa kucha zake zote. Anahakikisha zipo.

Nawe ukifuga paka, fuga paka mzima, kuanzia masharubu hadi kucha. Ukitaka kisichokwaruza, fuga mto.

Hadithi nimeifikisha mlangoni kwenu. Ikikuchekesha, ilee. Ikikukwaruza, ndiyo kazi yake. Mimi kwenye harusi ile nilikalia upande uliochanika. Ndio ulio laini zaidi.