Bi Shindano na Mzazi Aliyesema Simjui

Paukwa!

— Pakawa!

Sogeeni basi, sogeeni, msiniache peke yangu na hadithi hii, maana ina mtoto ndani yake, na mtoto mwenyewe ananyakuliwa.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mkunga, Bi Shindano. Mzee huyo! Kila aliyetembea pale alipita mikononi mwake. Jumbe mwenyewe, na ndevu zake zote, Bi Shindano ndiye aliyempiga kofi la kwanza la makalio.

Na kijiji kile kilikuwa na ada. Mzazi akitimiza arobaini, hutolewa nje pamoja na mwanawe. Husimama kizingitini. Jumbe humwuliza, "Unamjua aliyekupa?" Naye hujibu, "Namjua." Basi! Vigelegele, ubani, wali, na mtoto anapakatwa na kijiji kizima.

Siku moja ikawa zamu ya Riziki, mwanamwali tu, uzazi wa kwanza.

"Unamjua aliyekupa?"

Riziki akamtazama mwanawe.

"We Riziki! Unamjua Mungu aliyekupa?"

"Simjui, Jumbe. Arobaini yote nimelala namtazama huyu mtoto, nafikiri, nafikiri, nafikiri. Simjui bado. Namtafuta."

Lo! Vigelegele vikafia kooni. Mavyaa wake, Bi Chausiku, akaruka, akamnyakua mtoto, pu!

"Maziwa ya asiyemjua Mungu yatamnywesha nini mjukuu wangu?"

Huyoo, mbio mpaka nyumbani kwake, upande wa pili wa kiwanja, amtafutie mama mwingine wa kumnyonyesha. Jumbe akatikisa kichwa kukubali. Ndiyo ada: asiyejibu "Namjua" hupokonywa mtoto. Riziki akabaki mikono mitupu. Jamani, mnaijua mikono hiyo? Imekunjwa vilevile, kama mtoto bado yumo.

Ndipo Bi Shindano akaja na mkongojo wake, ko, ko, ko.

"Jumbe, kwani wewe unamjuaje?"

"Kwa akili, Bi. Chungu hakijifinyangi. Nikiona chungu, najua kuna mfinyanzi. Nikiiona dunia, najua."

"Umesema vema. Riziki, umesikia?"

"Nimesikia, Bi, na hilo nililifikiri nikalikubali. Kwamba yupo, yupo. Lakini chungu kinanambia kuna mfinyanzi, hakinambii kama hucheka, hakinambii kama ananipenda, hakinambii kama atamwacha mwanangu aishi! Mimi niliulizwa kama namjua, sikuulizwa kama…"

Hajamaliza, Bi Shindano akainua mkono.

"Nyamazeni! Riziki, jitazame kifuani."

Riziki akajitazama. Nguo imelowa. Maziwa yanatoka, chururu, chururu.

Watoto walikuwa tele pale kiwanjani, wanalia tangu asubuhi, ng'aa huku, ng'aa kule. Lakini watu waliponyamaza wakasikia kwa mbali, nyumbani kwa Bi Chausiku, kilio kingine, chembamba.

"Wangu huyo!"

"Nani kakwambia analia, mpaka maziwa yakatoka kabla hatujanyamaza?"

"Sijui! Nilikuwa nasema na Jumbe. Sikusikia kitu, Bi."

"Akili yako ilikuwa mbioni na Jumbe. Lakini ndani yako kuna aliyesikia. Ni nani?"

"Mimi… si ni mimi? Mbona basi simjui?"

Bi Shindano akacheka mpaka akaegemea mkongojo. "Hapo sasa! Enyi watu, huyu amejichungulia, akakuta ndani mwake chumba asichokijua. Atasemaje amemjua aliyejenga nyumba nzima? Hakukufuru huyu. Alisema kweli, pale ambapo sisi sote tulisema tulilofundishwa."

Jumbe akakuna ndevu. "Basi hajulikani kabisa, Bi?"

"Anajulikana, hamalizwi. Akili yako ilikufikisha uani, na wengine hata hapo hawafiki. Nafsi yake imemsogeza mlangoni. Tuendelee kupiga hodi."

"Na wewe, mzee wetu, umefika wapi?"

"Mie? Kila nikipokea mtoto nadhani leo namwona. Naona mtoto. Nikiitwa tena, naenda tena."

Mara Bi Chausiku huyo anarudi, jasho linamtoka, mtoto kajikunja kwa kilio. Kapewa titi la mama mwingine, kalitema. Kapewa jingine, kalitema. Bi Chausiku akamtazama Jumbe. Jumbe akasogea kumpisha.

"Mchukue," akamwambia Riziki. "Mchukue bwana, usiniangalie hivyo!"

Mtoto akalidaka titi. Nyu, nyu, nyu.

Bi Chausiku akakaa chini kando yake, akamfuta mtoto kamasi kwa ncha ya nguo. Kisha akamwinamia mkwewe sikioni, polepole.

"Mwanangu, ukimpata huyo unayemtafuta, nami uniambie. Mimi, zamu yangu kizingitini, nilijibu tu."

Basi wenzangu, mtu akikwambia bado anamtafuta Mungu, usimpokonye kitu. Muulize amefika wapi.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ajuaye zaidi ya hapo, na aniongezee.