Kiti cha Moderata

Wahenga walisema mkubwa ni jalala, wakimaanisha kwamba kila mwenye taka zake huenda kuzimwaga kwa mkubwa, naye hana budi kuzipokea. Modeste aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila alidhani inawahusu wakubwa wengine.

Mwaka huo makanisa ya Wakongo walioko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, yalimchagua kuwa Moderata, yaani mwenyekiti wa mkutano wao mkuu. Basi, kichwa kikamvimba! Alifunga safari hadi mji wa Mbarara akashonewa joho jeusi na fundi wa mtaa wa Kakoba, akakaa huko wiki nzima akilipimisha.

Siku ya mkutano, katika kanisa la Misiera, sala ya kufungua ilipokwisha tu Mama Orpa, muumini wa hapo hapo, alisimama.

"Papa Moderata, kanisa yetu inavuja! Tulikutumia bantu mara tatu, wewe uko Mbarara unapimisha kanzu. Batoto banaimba mu matope!"

Aloys, kiongozi wa waumini wa Misiera, akadakia: "Barua ya kujitenga iko hapa. Leo tunaondoka."

Modeste alipandwa na mori. Alipofungua kinywa awanyamazishe, ajuza mmoja, Mama Eugénie, alimtangulia.

"Mwana wangu, kule kwetu mu milima bwana yangu alikuwa Moderata wa kwanza. Bamisionari balituelezea ile jina: ni mutu wa kutuliza, wa kuzuia mambo isipite kipimo. Kwa hiyo hakukaa kwa kiti mpaka mwenye kulalamika wa mwisho amemaliza. Alisimama, alinyamaza. Mangaribi, jua ikizama, nilimukanda miguu."

Wazee waliyakumbuka makanisa ya matofali waliyoyaacha Kivu, kengele zake na ukungu wa asubuhi, wakalengwalengwa na machozi. Modeste naye alimkumbuka mzee yule. Utotoni alimwona amesimama hivyo, akadhani amenyimwa kiti.

Aliinuka, akakisukuma kiti nyuma. "Semeni," akaomba.

Wakasema kwelikweli! Alisimama hadi jua la utosi, jasho likimtiririka ndani ya joho, akimeza kila neno.

"Nimekosa," alisema mwishowe. "Kesho nitapanda juu ya paa mimi mwenyewe."

Aloys aliichukua barua yake akaichana.

"Kaa sasa, Moderata," alisema kwa upole. "Miguu itakuvimba."

Modeste akakaa, na kanisa likabaki moja. Ama kweli, mkubwa ni jalala.