Mzoga Uliosikia Baridi

Tegeni masikio, wasikilizaji wangu, na pua mzizibe, maana kisa hiki kinanuka.

Katika mbuga pana ya nyasi palikuwa na kijiji cha Halvik, na ng'ambo ya kijito waliishi jirani zao, Wakrii. Mkrii akiua nyati, hula nyama, huvaa ngozi na huchonga sindano kwa mifupa. Osvald, tajiri wa Halvik, alimuua nyati, akachuna ngozi tu, akaiacha nyama ioze.

"Jirani, umemwacha uchi," alisema Wapan, bibi wa Kikrii. "Atakuja kudai."

"Mzoga haudai, bibi!" Osvald akacheka.

Asubuhi mzoga ukasimama, ukivuja usaha na kudondosha funza, ukaenda kuketi kisimani. "Nina baridi," ukasema. Maji yote, ya kisima na ya kijito, yakageuka ute wa kijani, na Inga, binti wa Osvald, akawa anakufa kwa kiu.

Osvald akaupiga risasi. "Nina baridi." Akautupia blanketi kuukuu. "Nina baridi."

"Mvike ngozi yake kwa mikono yako," Wapan akasema. "Mimi nitamshika kichwa."

Osvald akatapika, kisha akaukumbatia, vidole vikizama katika nyama iliyooza, akaufunga ngozi, huku Wapan akishika kichwa. Mzoga ukashusha pumzi, ukawa udongo. Maji yakatakata, Inga akanywa.

"Baba, usiniguse!" akalia.

Osvald akanawa kwa majivu, akanawa kwa mchanga, akanawa kwa magadi, uvundo ukabaki. Kijiji kizima kikamkimbia. Wapan pekee akamsogezea ngozi ya kukalia karibu na moto.

"Keti, jirani. Hata mimi nanuka."

Kisa kimekwisha, twendeni tukanawe.