Kifaru Akata, Bi Pimbi Achagua

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walipika, walifua na kucheza karata, kisima kilikuwa kimoja tu. Kila asubuhi karata ziliamua nani anywe kwanza. Wa kwanza kumaliza zake mkononi alikuwa mshindi.

Na kila asubuhi mshindi alikuwa Kifaru! Anaingia kisimani na ukoo wake mzima, chubwi! chubwi! Wengine wanaachiwa tope.

"Akili hizo, jamani!" alijisifu.

Bi Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, alirudi na tope lake. Kitindamimba wake alikuwa na homa, midomo imemkauka, na mama mtu roho ilimuuma. Wanawe wakubwa walikuwa wakigombea muhogo.

"Mmoja akate, mwenzake achague!" alifoka, kama kawaida yake.

Mara maneno yake mwenyewe yakamgutusha: kwenye karata, Kifaru ndiye anayekata na ndiye anayechagua! Manyoya yakamsimama. Lo! Kumbe Kifaru hashindi kwa akili. Anashinda kwa sababu ndiye anayeanza siku zote!

Kesho yake akaenda kisimani.

"Shikamoo, Mzee Kifaru. Leo nacheza nawe mimi, na naomba nianze."

"Marahaba. Thubutu! Mkubwa ndiye anayeanza."

"Kwani kuanza kuna faida?"

"Hata chembe! Nashinda kwa kichwa changu."

"Basi wewe mkubwa useme anayeanza aongezewe karata ngapi. Mimi nichague tu, kuanza au kufuata."

Kifaru akacheka, kho kho kho! "Asiongezewe hata moja!"

"Naanza mimi."

Pa! Pa! Pa! Bi Pimbi akamaliza. Siku hiyo mtoto wake alikunywa maji safi, akaomba uji.

Siku ya pili Kifaru alikuja amenuna. "Anayeanza aongezewe tano!"

"Haya, anza wewe, mzee wangu."

Pa! Pa! Bi Pimbi akashinda tena.

Siku ya tatu Kifaru alizitazama karata, akamtazama Bi Pimbi, jasho likamtoka. Akiongeza nyingi, amekwisha. Akinyima, amekwisha. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Aongezewe... moja?"

Bi Pimbi akafungua mdomo, asijue la kuchagua! Kwa mara ya kwanza hakuna aliyejua nani atashinda, na Bi Pimbi mwili ulimsisimka.

"Lo!" Kifaru alinong'ona. "Kumbe mchezo huu mtamu hivi?"

Tangu hapo ushindi ukawa wa kuhamahama, na kila ukoo ukapata siku yake ya maji safi.

Hadithi yangu inakomea hapo kisimani, wanangu: anayejua kwamba mwenzake ndiye atakayechagua, hukata sawasawa.