Kichwa cha Mize

Kichwa si ngoma, hakiwambwi. Mmenisikia nikimwambia Saumu hivyo alipokuwa anamsuka mwenzake, anamvuta nywele mpaka macho yakamtoka, mkacheka, mkauliza Bibi kayatoa wapi maneno hayo. Yametoka kwetu Pangani, na nikisema kwetu najidai. Methali hii ilianza hivi.

Alikuwapo msusi, Bi Mwanakombo. Mistari yake ilinyooka, ikakaa mwezi mzima bila kulegea. Lakini kubana, wacha! Ukitoka kwake hulali kwa ubavu, na vipele vinakutoka kwenye panda la uso. Watu, kwa ujinga wao, wakaona hiyo ndiyo sifa. Msichana asiyelia akisukwa, walisema kasukwa ovyo. Bi Mwanakombo akimaliza hukigonga kichwa kwa kidole na kusema, "Kimewambika."

Kichwa alichokibana kuliko vyote ni cha bintiye, Mize. Mapanja ya mtoto, pale juu ya paji pembeni, yakawa yanapanda mwaka hadi mwaka, na mama, badala ya kulegeza, akazidi kuvuta ili zile nywele chache zifike kwenye msuko. Moyoni akimshuku jirani yake, Bi Nunu, kuwa ana kijicho.

Mize akaposwa. Desturi ilikuwa bibi harusi atolewe ukumbini kichwa wazi, wanawake wa upande wa mume wamtazame. Siku ilipofika, mama akafumua nywele, akakuta mapanja yanang'aa, hata kinywele hakuna. Akaukaza ushungi wake kichwani.

"Namwendea Bi Nunu. Leo nitamtaja mbele ya wageni wote, wamjue mchawi wa mwanangu."

Mize akamshika mkono. "Mama, Bi Nunu hajanigusa kichwa hata siku moja. Anayenigusa ni wewe."

"Mimi nikutie kipara, mwanangu?"

"Na wewe nani alikutia? Ushungi huo huuvui hata jikoni."

Bi Mwanakombo akaketi. Naye utotoni alisukwa na mama yake, vivyo hivyo, kwa machozi. Akalia sana, mama wa watu, kisha akamchana binti nywele taratibu, akaziacha bila msuko, wakatoka pamoja.

Ukumbini shangazi wa bwana harusi akauliza, "Huyu ana maradhi?"

Bi Mwanakombo akavua ushungi, mapanja yake matupu wakayaona wote. "Hana maradhi, mwenzangu. Nywele hunyonyoka kwa homa, kwa uzazi, hata kwa mawazo, na hizo mtu huenda hospitali akatazamwa. Za mwanangu nilizing'oa mimi kwa kubana. Kichwa si ngoma, hakiwambwi."

Mize hakuinamisha uso. Aliwatazama mmoja mmoja. Yule shangazi naye akavua ushungi wake. Kilikuwa kichwa kile kile, mapanja matupu.

Ndoa ikafungwa. Bi Mwanakombo akaendelea kusuka, ila kwa mkono mwepesi, na aliyetaka kubanwa alimfukuza. Mize akaacha misuko, akapaka mafuta ya nazi bila kuvuta. Kandokando ya mapanja, penye mizizi hai, nywele zikarudi polepole. Palipong'aa kwa miaka hapakuota kitu, na hakuna dawa iliyopaotesha.

Huyo Mize ndiye mama yangu mzazi. Amezeeka na mapanja yake, na hakuyafunika tena mbele ya mtu yeyote. Haya, Saumu, mlegezee mwenzio. Kichwa si ngoma, hakiwambwi.